Jalala la Sidi Mbili

Wakili alikuwa amejiandaa kubishana juu ya malipo. Afriyie akamuuliza habari za jela.

"Nikishajifungua, nikawapa mtoto wao, polisi wakinikamata njiani nawaonyesha nini?"

Wakili alicheka kidogo, akawatazama wateja wake wawili waliokaa ng'ambo ya meza. Mmoja ni Ohenewaa, mfamasia wa miaka thelathini na tisa, ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayehofia kuporwa. Wa pili ni mumewe, Asiamah, mhandisi wa mgodi kule Tarkwa.

"Dada, mambo ya polisi yanatoka wapi? Hili ni jambo la kisheria."

"Na yule wa Techiman naye aliambiwa hivyohivyo."

Yule wa Techiman alikuwa muuza nyanya, jirani wa Afriyie sokoni. Alizaa, akawapa mtoto mke na mume wasiojaliwa uzazi, akapokea bahasha. Polisi walikuja kumchukua saa sita mchana, soko limefurika, wakampitisha katikati ya mafungu ya nyanya zake mwenyewe, maziwa yamemlowesha blauzi. Alipewa miaka minane. Siku ile Afriyie alikuwa akihesabu viazi vikuu vya mteja, na hesabu ikampotea kabisa. Tangu hapo, kila akisikia habari za mtu kumbebea mwenzake mimba, alikuwa akiiona ile blauzi.

Hata hivyo alikuja Akra. Lori lililobeba mzigo wake wa msimu mzima lilipinduka darajani, viazi vikaenda na maji, na nyumbani aliacha watoto wawili kwa dada yake. Tumbo ndilo lililobaki la kukodisha, akaamua alikodishe. Lakini kazi aliijua: kabla hujashusha mzigo unakagua gari.

"Mniwekee hicho kiinitete chenu," akasema. "Ila wiki ya kumi na mbili ikinikuta sina amri ya mahakama mkononi, narudi Techiman na tumbo lenu. Mtanitafuta."

"Huo ni utekaji nyara," wakili akasema.

"Ni bei ya mwisho."

Amri ilikuja wiki ya kumi na moja. Ilisema mtoto atakayezaliwa mama yake ni Ohenewaa na baba yake ni Asiamah. Afriyie ni mbebaji tu, hana dai juu yake wala hadaiwi. Aliisoma mara tatu, akaipiga picha kwa simu. Karatasi yenyewe ikawekwa kwenye kabati la kliniki iliyompandikiza mimba, pamoja na za wenzake.

Wenzake, waliobeba mimba za watu kama yeye, walikuwa watano, wote wakiishi kwenye nyumba moja kule Adenta aliyoipanga mwenye kliniki. Walikuwa wakicheka sana, kicheko cha watu wasiotaka kunyamaza. "Sisi ni nyumba za kupanga," mmoja alikuwa akisema, "tofauti ni kwamba mpangaji wetu anapiga mateke." Afriyie alicheka nao, kisha akaenda kujifungia chooni kusoma ile picha tena. Nyumbani alikuwa amewaambia anapika kwenye kambi ya mgodi. Kila alipoona sare barabarani, hata ya mlinzi wa benki, alivuta kanga mbele ya tumbo.

Ohenewaa alikuja kila Jumamosi. Alileta vidonge vya damu, matunda, soksi za kubana miguu. Aliuliza presha ngapi, usingizi vipi, chumvi amepunguza. Kitu kimoja hakukifanya hata siku moja: kuligusa tumbo. Mtoto alipiga teke mbele ya macho yake, gauni likainuka, Afriyie akamwambia, "Weka mkono, ni wako huyo." Ohenewaa akainuka kutafuta funguo za gari alizokuwa ameshika mkononi.

Mwezi wa saba wa mimba, badala ya Ohenewaa alikuja mama yake. Bibi Dufie alikuwa Mwasante wa Mampong, mfupi, mzito, wa kitambaa cheusi siku zote. Aliweka chini bakuli la mchuzi wa majani ya magimbi na samaki mkavu, akafunga mlango.

"Mwanangu, binti yangu amekwambia yaliyompata?"

"Aliniambia amepoteza mimba."

"Mimba nne zilitoka. Wa tano alizaliwa mzima. Alinyonya, akapiga chafya, tukacheka. Siku ya tatu akaenda." Alinyoosha vidole vitatu, akavitazama kama si vyake. "Ni yuleyule mmoja anayekuja na kurudi. Njia ameshaijua. Huyu uliyembeba ni yeye tena."

Afriyie aliutazama mlango uliofungwa. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

"Huyu lazima awe begyina," Bibi Dufie akasema.

Afriyie alijua. Kwao hakuna asiyejua. Begyina, yaani njoo ukae, ni mtoto anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa; huchanjwa shavu na kupewa jina la kuchukiza, Mtumwa au Jalala. Mama yake humtupa kwenye takataka, mtu wa nje humwokota na kumnunua kwa senti chache, kisha humwachia mama amlee kwa niaba yake. Kifo kikija kumuulizia mtoto wa nyumba hiyo, kinaambiwa hayupo, ipo takataka ya watu tu. Mjomba wake Afriyie mwenyewe aliitwa Donkor, yaani mtumwa, na aliishi mpaka akawachosha watu.

"Wewe utaniuzia mimi," Bibi Dufie akaendelea. "Sidi mbili, mbele ya mashahidi."

"Mama, neno hilo usilirudie humu ndani."

"Neno gani?"

"Hilo la kuuza."

"Ni mila, mwanangu!"

"Polisi hawabebi mila, wanabeba pingu. Jina baya nakubali. Mwiteni Jalala, mwiteni Choo, mnajua wenyewe. Mchanjeni shavu mkitaka. Kuuza, hapana. Hata kwa utani."

"Jina bila kuuzwa ni nusu dawa."

"Basi mpeni nusu. Mimi nina watoto wawili, sitaki kuwaona kupitia nondo."

Bibi Dufie akamkazia macho. "Kichwa chako kigumu kama kinu!"

"Ndiyo maana mlinichagua."

Waliagana hivyo, jina ndiyo, kuuza hapana, na bibi kizee akaapa. Lakini alipokuwa akifungua mlango alikuwa analia bila sauti, na jambo hilo lilimtisha Afriyie kuliko maneno yote. Mtu anayebishana unaweza kukubaliana naye. Mtu aliyekwisha kuogopa hivyo, kiapo chake si cha kutegemea.

Wiki ya thelathini na tano presha ilipanda ghafla. Kichwa kilimgonga, akaanza kuona vimulimuli machoni. Kliniki ilikuwa mbali, foleni ya magari ndefu, dereva akakata kona kuingia hospitali ya serikali iliyokuwa karibu. Walimpasua ndani ya saa moja. Kabla usingizi wa sindano haujamchukua alimsikia daktari akisema, "Huyu angechelewa kidogo tungekuwa tunaongea habari nyingine," na akawaona watoto wake wawili wamekaa kwenye ngazi ya nyumba ya dada yake, wanasubiri chakula.

Aliamka yuko hai. Mtoto, mvulana wa kilo mbili na kidogo, alikuwa hai pia, kwenye kitanda kidogo cha kioo kando ya ukuta, kama hatua sita kutoka kitandani kwake. Alikuwa mdogo, ananyonya kivivu, kwa hiyo mkunga alimnywesha maziwa kwa kikombe tone baada ya tone. Mkunga huyo, Sista Yelpaala, alikuwa msichana wa mbali huko kaskazini magharibi, mwembamba, mkali, haongei mara mbili.

Ohenewaa alisimama mlangoni mwa wodi. Siku ya kwanza mlangoni. Siku ya pili mlangoni. Aliuliza ameshuka uzito, amekojoa, rangi yake vipi. Sista Yelpaala alimwambia, "Njoo umuone mwenyewe," naye akasema miguu inamuuma.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Asubuhi mtoto alikataa kikombe, midomo ikaingia weusi mwembamba. Sista Yelpaala akamsugua mgongo mpaka akalia, rangi ikarudi. Bibi Dufie aliona yote. Alisimama katikati ya wodi huku akihesabu vidole vyake, kimoja, viwili, vitatu. Kisha akaja mbio hadi kitandani kwa Afriyie, akamshika kiganja, akakibamizia sarafu.

"Mashahidi mpo?" akapaza sauti. "Mimi Dufie nimenunua takataka hii kwa mwanamke huyu! Sidi mbili! Si mtoto, ni takataka!"

"Tumeshuhudia!" akajibu mwanamke wa kitanda cha mbele, Mwasante mwenzake, bila hata kuacha kula uji wake. "Na inanuka!"

"Mama, nyamaza!" Afriyie alisema, lakini mshono ulimkata pumzi, sauti ikatoka kama ya paka. Alikuwa ameikaza ngumi yake juu ya sarafu, hakujua aiweke wapi.

Sista Yelpaala alikuwa ameganda pale kwenye kitanda cha kioo. Mila hiyo ya Waasante hakuwahi kuisikia. Yeye alisikia nimenunua, akaona pesa ikiingia mkononi. Siku mbili alikuwa amemwona bibi kizee huyu na yule mwanamke wa viatu vya bei wakimzunguka mzazi asiye na ndugu. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na tangazo la namba ya kupiga ukiona mtoto anauzwa. Aliweka kikombe chini taratibu, akatoka.

Haikufika nusu saa. Inspekta Klutse aliingia na daftari kwapani, mwanamke mrefu wa Kiewe, viatu vyake vinalia sakafuni. Afriyie alivisikia tangu kwenye korido na akajua. Kwa miezi minane alikuwa akivisubiri viatu hivyo.

"Wewe ndiye uliyejifungua?"

"Ndiyo, afande."

"Umepokea pesa?"

"Nimetiwa mkononi."

"Iko wapi?"

Afriyie akafungua ngumi. Sarafu ilikuwa imemwachia alama kiganjani.

"Afande, ni mila tu," Bibi Dufie akaanza. "Sisi Waasante, mtoto akiwa..."

"Nimekaa Kumasi miaka sita, mama, mila hiyo naijua. Anayeuza ni nani?"

"Ni... mama wa mtoto."

"Kwa hiyo huyu ni mama wa mtoto."

"Siye!"

"Basi ameuzaje?"

Bibi Dufie akamgeukia Afriyie amsaidie. Afriyie aliuona mtego ulivyokaa. Akisema ni mila, basi yeye ni mama aliyeuza mwanawe. Akisema si mila, basi amepokea pesa kwa mtoto asiye wake. Njia zote mbili zinaishia kwenye gari la polisi.

Alitoa simu, akaonyesha picha ya amri. Inspekta aliisoma hadi mwisho.

"Picha ya karatasi hata mwanangu wa darasa la nne anaweza kutengeneza. Halisi iko wapi?"

"Kliniki. Imefungwa leo."

"Daktari wao?"

Walimpigia. Wakampigia na wakili. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, Akra nzima iko kanisani na simu zimezimwa. Asiamah alikuwa njiani kutoka Tarkwa, mahali pasipo na mtandao.

"Na huyu Ohenewaa aliyeandikwa humu?"

"Ni mimi," ikasema sauti kutoka mlangoni. Alitoa kitambulisho. Jina lililingana.

"Wewe ndiye mama?"

"Karatasi inasema hivyo."

"Sikuiuliza karatasi."

Sista Yelpaala akajibu kwa niaba ya Ohenewaa. "Afande, leo siku ya tatu hajamgusa. Anasimama hapohapo alipo. Mimi ndiye ninayemnywesha."

Inspekta Klutse akaandika, mstari baada ya mstari, bila haraka. Kisha akaeleza: mtoto ataondoka na watu wa ustawi wa jamii mpaka jambo lieleweke. Mgonjwa ataletewa kiti cha magurudumu, ataandika maelezo kituoni, daktari akiruhusu.

Afriyie alijua vituo. Unaingia kuandika maelezo Jumapili, unatoka mwakani. Aliona soko la Techiman, watu wamesimama juu ya magunia wapate kuona vizuri. Akajikaza kisabuni, akafanya alichozoea kufanya mteja akitaka kuondoka: akaangalia kila mtu pale anataka nini, na anaogopa nini.

Bibi alitaka kuuza kufanyike. Inspekta alitaka kumwona mama. Ohenewaa alimtaka mtoto kiasi kwamba hakuthubutu kumshika, maana wa tano alimshika, akamfia siku kama ya leo. Kumwambia mtu huyo ampende mtoto wake ni kumtajia bei asiyoiweza. Alihitaji kushushiwa.

"Ohenewaa," Afriyie akaita. "Mama yako amekosea. Amenunua mahali pasipo na mwenye mali. Mama ndiye anayeuza, na mtu wa nje ndiye ananunua. Mtu wa nje hapa ni mimi. Niuzie."

"Nikuuzie nini?"

"Takataka yako ile pale kwenye kioo. Iokote uniletee. Sidi mbili, na usinipandishie, sina nyingine."

Inspekta Klutse aliinua kichwa. "Unanunua mtoto mbele yangu?"

"Mbele yako, afande, shahidi bora kuliko wewe sina. Mila unaijua. Kama yeye ni mama, ataniuzia, na mimi nitamwachia amlee, ndivyo inavyokwenda. Kama siye, nifunge pingu nikiwa nimelala."

Alisema kwa sauti ya sokoni, lakini chini ya shuka vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekunjana kwa hofu. Ohenewaa akigeuka na kuondoka, kwisha habari ya Afriyie.

Ohenewaa hakuondoka, na hakusogea pia.

"Akinifia mikononi?" akanong'ona.

"Takataka haifi, inatupwa. Lete."

"Afriyie, siwezi."

"Hujaambiwa umbebe. Umeambiwa utoe uchafu. Nyumbani kwako huwa hutoi uchafu?"

Mwanamke wa uji akacheka puani. Ohenewaa akapiga hatua moja, akasimama. Ya pili. Ile ya sita ilimchukua muda mrefu. Alipeleka mikono ndani ya kioo kama anayeitia kwenye maji ya moto, akamwinua mtoto, akamweka mbali na kifua chake.

"Inanuka," akasema.

"Mashahidi hawajasikia," Afriyie akamwambia.

"Inanuka! Sura mbaya kama chura! Sijui imetoka wapi, nani anaitaka?"

"Mbaya kweli!" wodi ikaitikia. "Masikio kama ya popo! Tupa!"

Mtoto akalia, mikono ya Ohenewaa ikamsogeza yenyewe hadi kifuani. Akageuza kichwa, akatafuta, mdomo ukaishika blauzi ya Ohenewaa na kuivuta kwa nguvu ambayo kikombe hakikuwahi kuiona. Ohenewaa alifika naye kitandani. Afriyie alinyoosha sarafu.

"Pokea pesa, nipe mzigo."

Ohenewaa akaipokea pesa. Mzigo hakuutoa.

"Nimeshalipa," Afriyie akasema, akavuta ncha ya shali aliyofungiwa mtoto.

"Subiri kidogo."

"Nimelipa, Ohenewaa, usinifanyie ujanja."

"Nimesema subiri!" Akamgeuzia bega, akamkinga mtoto kwa mkono mzima, na mtoto sasa alikuwa amelala kifuani pake, shavu limebanwa kwenye kifungo.

"Haya, basi nimekuachia. Nilelee," Afriyie akasema. Bibi Dufie alikuwa amekaa sakafuni, amejifunika uso kwa kitambaa chake cheusi.

Inspekta Klutse alimtazama yule mwanamke mwenye mtoto. Kisha akamwambia Sista Yelpaala, "Mletee mama wa mtoto kiti." Akaandika tena. Ataikagua karatasi halisi Jumatatu. Mpaka hapo hakuna anayetoka hospitali, si mama, si bibi, si mgonjwa.

Alikuwa anafunga daftari Afriyie aliposema, "Afande, jina langu humo liko chini ya neno gani?"

Inspekta akamgeuzia ukurasa. Mshukiwa.

"Likate."

"Jumatatu, nikiona karatasi."

"Likate leo. Jumatatu usipoiona karatasi, andika upya. Wino si unaletewa na serikali?"

Inspekta Klutse akacheka, akachomoa kalamu, akapiga mstari. Afriyie akaomba daftari lisogezwe karibu. Mstari ulikuwa umeishia katikati ya jina.

"Malizia, afande."

Akaumalizia. Viatu vikalia mpaka mwisho wa korido. Hapo ndipo miguu ya Afriyie ilipoanza kutetemeka chini ya shuka, kitanda kizima kikawa kinagonga ukuta. Sista Yelpaala akamletea maji, akamshikia kikombe, kwa sababu mikono yake haikuweza. Mtetemeko uliendelea hadi Jumatatu saa nane mchana, wakili alipoingia wodini na karatasi halisi ya amri, na inspekta nyuma yake.